Safu ya Tano

Kikao kilianza saa kumi, nyumbani kwa Mbeyu, Shela ya Malindi,
kwenye baraza lenye saruji mbichi upande mmoja;
tukapita juu ya ubao, watu kumi na mmoja, na birika mbili za chai.
Katibu ni mimi. Daftari ni langu, la mraba,
la hesabu, kwa sababu dukani yale ya mistari yalikwisha.
Safu ya kwanza: mahali. Ya pili: maji. Ya tatu: choo.
Ya nne, Changawa akashikilia niandike "upepo",
maana mwaka jana kule Mambrui hema lake
liliinuka usiku wa manane kama punda aliyeudhiwa,
likaenda zake, na viatu vyake ndani.

Safari ni sita, Julai hadi Disemba.

Jumwa anataka Marafa, ukingoni kabisa mwa Nyari,
pale udongo unapobadili rangi kila saa
kama mtu anayetafuta uongo wa kusema.
Lakini maji ni ya kubebwa, madumu ishirini.
Nani atayabeba?
Hata yeye Jumwa akatazama kucha zake.

Shekue akataja msitu wa Sokoke:
uwanja upo karibu na geti, bomba lipo,
na alfajiri hupita sengi, pua mbele,
kama jirani anayenusa mchuzi wa watu.
"Na ndovu?" akauliza Mbeyu.
"Ndovu hawana shida na mtu."
"Sikuuliza shida yao. Nimeuliza yangu."

Lali akachora Mida kwa kidole, kwenye unga wa mahamri.
Tukahesabu siku za mwezi: tarehe anayoitaka ni ya bamvua,
tungeamka magodoro yanaelea
na sufuria ya wali imefika kwenye mikoko.
Sidi hataki Gede, hataki hata kuijadili;
yeye halali mahali ambapo ukuta ulimtangulia kwa miaka mia sita.

Na kila jina lilipotajwa, Charo: "Mtandao unashika?"
Mara ya kwanza tukacheka.
Mara ya pili Changawa akamwambia akapige kambi juu ya mnara wa simu.
Mara ya tatu Charo akaweka kikombe chini, polepole,
akasema, "Mama anasafishwa figo Jumanne na Ijumaa.
Usiku wa Ijumaa huwa mrefu."
Safari zetu zote huanza Ijumaa.

Nikachukua rula. Nikapiga safu ya tano.
Wino ukakwama, nikaipiga tena.

Ndipo nilipoyasoma maandishi yangu mwenyewe kama ya mtu mwingine:
maji, choo, upepo, mtandao,
na pembeni, kwa herufi ndogo, ndovu, bamvua, kuta.
Nilidhani naorodhesha viwanja.

La kwangu sikuliandika.
Hema langu ni la watu wanne. Tulilinunua wawili,
tukisema watoto watakuja kulijaza.
Nguzo zake zinataka mikono minne kwa wakati mmoja,
na mimi tangu Machi ninayo miwili.
Haja yangu ni ardhi iliyo sawa
na mtu asiyeuliza.

Tukapiga kura kwa kokwa za tende.
Jilore, Agosti, kokwa tisa: ziwa lipo, mnara wa simu unaonekana.
Mida ikapata nne, Oktoba, siku za maji mafu.
Marafa ikapata moja, na sote tulijua ni ya nani.
Sokoke ikaahirishwa hadi Mbeyu na ndovu wapatane.
Safari mbili bado hazina pa kwenda.
Nikatuma rubuni ya Jilore kwa simu, shilingi elfu tatu,
nikasoma ujumbe kwa sauti, kila mtu akasikia salio langu.

Mbeyu alikuwa anakusanya vikombe.
Hakunitazama.
"Lile jumba lako," akasema,
"tutalisimamisha kwanza, kabla hatujachoka.
Changawa atashika upande wa upepo.
Anaudai."