Vidato Kumi na Kimoja

Wanaume wako barazani, wanasema ni ngazi.
Ngazi ya nyumba ya Mtamwini, vidato kumi na kimoja.
Navijua. Nyumba ile ndiyo niliyolelewa,
nimevishuka na ndoo, na mimba, na msiba wa mama.
Kile cha saba kimemeguka tangu sijavunja ungo.
Hakijaua mtu.

Humu ndani tu wawili, mimi na Khuleta wa kumimina maji.
Mkunazi umevurugwa, kafuri iko tayari.
Miaka thelathini na mitatu naosha maiti hapa Lamu:
wa uzazi, wa homa, wa uzee uliochoka kungoja.
Naanza kuume.
Barke, mwanangu, geuka kidogo.

Shingoni, vinne huku, kimoja kule.

Khuleta akaacha kumimina.

Tulifunzwa: aibu ya maiti huzikwa na mwosha.
Kovu, kilema, harufu, vyote sitara.
Nimezika mengi. Mdomo wangu huu
ni kaburi lisilo mashahidi.

Mfungo sita, siku za maulidi, alikuja kwangu jicho limevimba.
"Dirisha," alisema.
Nikamsagia manjano, nikampaka,
nikampa na neno juu yake:
Subiri, mwanangu. Nyumba ni siri.
Neno lile sikumtoza hata senti.
Leo ndilo ninalolisugua hapa, na halitoki.

Nikamsuka, misuko mitatu, kama ilivyo ada.
Wa kushoto haukutosha.
Nywele zilikuwa zimeng'oka na mizizi yake.

Nje Shebwana analia. Analia kweli, sikatai;
kofia imemdondoka, watu wamemshika mabega,
"Ni kudra, Shebwana, ni kudra,"
wanamnywesha maji ya mtungini,
maji aliyoyateka Barke jana.

Wanabisha. "Bado tu? Alasiri hiyo inaingia."

Aibu ya maiti nitaizika, ndiyo kazi yangu.
Lakini hii si yake.
Hii ina mwenyewe, na mwenyewe yuko barazani
anapanguswa machozi.

Nafuta mikono kwa kanga. Sanda sijaifunga.
Khuleta ananishika nguo, "Bi Mize, usi—"
Komeo nalitoa mwenyewe.

"Bado," nawaambia. "Niitieni Bunu, kakake,
na askari wa kike kutoka stesheni.
Waje wanionyeshe
ni kidato gani chenye vidole."