Pipa la Mwisho

Yokote, mwezi wa pili. Theluji imefika madirishani,
nami niliyeendesha treni ya kusukuma theluji
miaka thelathini na mmoja, usiku na mchana,
nimeshindwa na ngazi nne za nyumba yangu.

Muuguzi Sugawara huja Jumanne.
Huvua viatu, huomba radhi kwa ubaridi wa vidole,
hupiga goti, huubonyeza muundi wangu kwa dole gumba.
Akiliondoa, shimo linabaki.
Tunalitazama wote wawili, kimya,
kama watu waliochungulia kisima
wakakuta maji yako karibu mno.

"Moyo wako haujasimama, Bwana Kudo,"
aliniambia siku ya kwanza. "Umechoka kusukuma.
Maji yasiyosukumwa hayaendi mbali:
yanakaa miguuni, yanapanda tumboni,
usiku yanakuja kukulalia kifuani."
Nikamjibu, naijua injini inayopanda mlima
na mabehewa ya ziada.
Akacheka. "Basi tupunguze mabehewa."

Akaniachia mizani na daftari.
Kila alfajiri, baada ya haja ndogo, kabla ya chai:
panda, soma, andika.
Kilo mbili zikiongezeka ndani ya wiki, piga simu.
Mto mmoja usipotosha tena kukupa usingizi, piga simu.
Usingoje Jumanne. Usione haya.
Akataka niyarudie kwa maneno yangu mwenyewe,
mimi, mtu wa miaka sabini na tisa!
Nikakosea. Akasema kosa ni lake,
hakueleza vizuri.

Nikaandika. Sitini na moja nukta nne.
Kesho yake, sitini na moja nukta nne.
Siku kumi na moja, sitini na moja nukta nne,
wino uleule, mwandiko uleule, kikao kimoja.

Hakunigombeza.
Alilifunua daftari, akalifunga,
akageuza pua kuelekea jikoni.
"Figili hizi," akauliza, "nani anakutilia chumvi?"

Hospitalini walikuwa wameupiga picha moyo wangu kwa mawimbi,
wakaupima unene wa kuta, wakakisia kila pigo linatoa kiasi gani.
Pipa hawakuliona.

Kiyono alizitundika figili juu ya moshi wa kuni za cheri,
zikasinyaa, zikawa na rangi ya mikono yake,
akazilaza kwa chumvi na pumba za mchele,
akazikandamiza kwa jiwe la mtoni
tuliloliokota mwaka tuliooana.
Majani hayajaisha kupukutika, naye akaenda.
Jiwe likabaki limekalia kazi yake.

Sikula kwa njaa.
Nilikula nisikie zikivunjika menoni,
ule mlio wa meza ya watu wawili.

"Basi mapenzi yananiua," nikasema, nikitania.
Safari hii hakucheka.
Akaenda jikoni, akachukua kisu cha Kiyono,
akakata kipande chembamba hata mwanga ukapenya,
akakiweka kwenye kisahani, mbele yangu.
"Kimoja, Jumapili. Kilichobaki tukigandishe.
Kitafune taratibu, mpaka kimalize kusema."
Kisha akakaa. Alikuwa na wagonjwa watatu wa kuwafikia
kabla njia haijafungwa, na akakaa,
akaniuliza Kiyono alikuwa mtu wa namna gani.

Sasa daftari langu ni baya, lina kweli tupu.
Namba zinapanda, zinashuka, moja nimeifuta kwa hasira.
Pembeni nimeandika: viatu vinabana. Pembeni tena:
nimelala chali, nimemwota.

Leo alfajiri nimepanda mizani, nikashuka, nikapanda tena.
Sitini na tatu nukta tatu. Wiki iliyopita, sitini na moja.
Nikaandika sitini na tatu nukta tatu.
Nje, mbali, treni ilikuwa ikisukuma.
Nikainua simu.
Ilikuwa Alhamisi.