Kopo Moja la Rangi ya Njano

Anzia kanisani, Vauzelles, penye bomba la maji
lisilotoa tone tangu mwaka nilioolewa.
Karatasi ya ofisi ya kata inasema: kilomita kumi na moja,
saa tatu na nusu, ugumu wa wastani.
Karatasi haijawahi kupanda Kombelle kwa goti langu.

Fuata njano. Mstari mmoja, upana wa vidole vitatu,
maana yake endelea.
Ukipinda kama kiwiko, pinda nao.
Ukiona mistari miwili imekatana, rudi, si huko,
na usijitie ujuaji: yupo Mholanzi aliyeipuuza,
tukamtoa mtoni usiku kwa trekta la Firmin,
mkoba mkavu, yeye chepechepe.

Kila Aprili mimi ndiye niichoraye,
mimi Bertille, kwa brashi ya kunyolea ndevu
ya marehemu Gaspard. Za dukani hunyonyoka.

Kilomita ya pili, karo la mawe la kufulia.
Wageni hulipiga picha, kwa ajili ya kuvu na vigae.
Mama alipiga magoti hapo Februari, barafu ikimkata vidole,
na habari zote za kijiji zilisuuzwa hapo
kabla ya kuanikwa.

Kilomita ya nne, mawe matatu yamebeba la nne:
kaburi la watu waliokufa
kabla hapa hapajaitwa Ufaransa.
Miaka elfu tano, inasema karatasi.
Haisemi kwamba kondoo hujibanza humo mvua ikinyesha,
wala kwamba sigara yangu ya kwanza niliivutia humo,
nikakohoa mpaka wenyewe, nadhani,
wakageukia ubavu wa pili.

Sasa msitu. Hapa nenda polepole.
Mialoni kumi na minane ina alama za Gaspard,
za mwaka alioanza.
Alichora wembamba, kama mtu anayetia saini deni.
Lakini mti hunenepa, na alama hunenepa nao:
vidole vitatu vimekuwa kiganja kizima,
kimepasuka, kimefifia,
rangi ya kiini cha yai lililochemka mno.
Kanuni ya chama yasema nizikwangue, nichore upya.
Kila mwaka naja na kikwangulio.
Kila mwaka narudi nacho kisafi.
Nachora yangu pembeni, chini kidogo,
kwa hiyo ukiona njano mbili kwenye mti mmoja
usidhani njia zimeachana.
Ni ile ile.

Ukitoka kwenye miti, utakuta bamba ukutani mwa zizi.
Majina manne, Julai 1944.
Wa mwisho, Anselme, alikuwa na miaka kumi na saba
na viatu vya kuazima.
Askari hawakuijua njia hii. Mtu aliwaonyesha,
mtu wa hapa hapa, kwa kidole tu.
Jina lake halikuchongwa popote
na sote tunalijua.
Firmin hupita hapo amevua kofia,
upesi, macho chini.
Mimi hapo sichori kitu.
Naweka kopo chini, nasimama,
na kila mara brashi huwa nzito mkononi,
maana na mimi nawaonyesha watu njia
nisiowajua, waendako nisikokujua.

Baada ya zizi ni mteremko, changarawe, miiba ya matunda meusi
(Agosti chuma, hakuna mwenyewe),
kisha kinu kisicho na gurudumu.
Mwaka huu rangi iliniishia hapo.
Pana njia panda na hapana alama,
nami sikupata nguvu ya kurudi.

Kuuliza si ujinga. Nyumba ya madirisha ya buluu,
mbwa ana kelele tu.
Bisha hodi, mwambie Bertille kaishiwa njano.
Firmin atavaa mabuti, hatasema neno,
atakusindikiza mpaka barabarani,
mpaka mwisho kabisa, hata ukimwambia yatosha.
Ukimshukuru, atatazama juu
na kusema itanyesha.