Kioo cha Kushoto

Datsun ya baba ina pua ndefu na milango miwili.
Imekaa juu ya matofali nyuma ya duka la mbegu, Njoro,
tangu siku aliyosema petroli imepanda bei mno.
Kuku walitagia kiti cha dereva miaka saba;
niliwahamisha kwa adabu, kama wapangaji wasiodaiwa.

Kabureta zote mbili alikuwa nazo mjane wa fundi Harbans,
zimeviringishwa kwenye gazeti, zimepakwa grisi
kama mtoto anavyopakwa mafuta asubuhi ya Julai.
Alizipima mkononi, akataja bei,
akalia kidogo, akapunguza.
Sikujua nimshukuru au nimwombe radhi.

Saa ya dashibodi ilikuwa Himo, ukutani kwa kinyozi:
saa nne na robo,
saa nne na robo mwaka baada ya mwaka.
Nilimpa mpya, ya betri, inayotembea.
Juma lililofuata alinipigia kulalamika:
siku hizi anachelewa.

Kifuniko cha tatu cha ringi kilikuwa kinanyweshea bata, Uru.
Cha nne, Mungu anajua.

Lakini wewe,
kioo chekundu cha taa ya nyuma, kushoto!
Pasua nimepekua vyuma chakavu hadi kucha zikashika kutu.
Kiboriloni nimeuliza mpaka wauza mitumba
wakanipachika jina, Mama Taa.
Unga Limited, Arusha, kijana akaapa:
"Dada, ipo. Orijino kabisa."
Akanitolea kitu chekundu kama juisi ya pakiti,
bado kinanuka boksi.
Orijino ya wapi?
"Orijino ya Dubai."

Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata,
walisema wahenga, ambao hawakuwahi kutafuta Datsun.
Mimi nilichoka. Sikupata.

Ndipo Ndelilio, mnyoosha bodi, akapitisha kiganja
kwenye ubavu wa kushoto, taratibu,
kama anayempapasa ng'ombe anayeumwa,
kiganja kikagoma karibu na tairi la nyuma.
"Hapa pamejazwa," akasema. "Nilijaza mimi.
Hukuambiwa? Alipinduka kona ya Kibosho, masika,
gari zima likalala kwenye migomba ya watu.
Alinilipa mara mbili: kazi, na kunyamaza."

Petroli, baba.
Petroli imepanda bei.

Nikapanda Kibosho. Mwenye migomba akanielekeza kigangoni.
Katekista Desideri alifungua mlango kwa funguo tatu,
akanisikiliza nusu, akaonyesha kwa kidevu:
pembeni ya tabernakulo, mbele ya mwali mdogo wa taa,
wewe.
"Kioo cha taa yetu kilipasuka. Hela hatukuwa nayo.
Mtaro ukatupa hiki."

Kingo zako nzima. Namba ndogo za kiwandani
zikitetemeka kila mwali ulipotetemeka.
Skrubu mbili tu, na bisibisi nilikuwa nayo mkobani.
"Ni cha kwenu," alisema. "Kichukue."
Nikapiga magoti nitazame kama una ufa,
na wanawake waliokuwa wakifagia nyuma yangu
wakalaza mafagio chini, wakapiga magoti pia.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko ukaguzi unavyohitaji.

Sasa gari linatembea. Kushoto ni Dubai, inang'aa mno;
kulia ni wekundu wa zamani, umechoka.
Aliye nyuma yangu mteremkoni, nikikanyaga breki,
anaona taa mbili, basi.
Kwenye daftari la spea nimeandika:
kioo, kushoto. Kimepatikana. Hakijachukuliwa.
Na chini yake: kifuniko cha nne, rudi Uru,
anza na wenye bata.