Taa Si Mtumbwi

Mwezi umeondoka, ni siku za giza,
na wavuvi wa dagaa wamepeleka taa zao ziwani.
Kutoka dirisha hili la Kabuhoro, nyumba ikiwa imekalia jiwe,
naziona zimesongamana upande wa kushoto,
nyeupe, zinabishana;
ungeapa kuna mji mwingine kule
na wenyewe wana harusi.

Mezani galaksi yangu nayo ina harusi.
Ni kibete: ukiipima na hii yetu
ni punje ya mtama kando ya debe.
Lakini inazaa nyota kama iliyoambiwa kesho hakuna,
na picha ya mwanga wa kawaida haina habari nyingine
ila hao watoto, rangi ya buluu, makelele.

Ndiyo maana niliomba picha za infraredi,
ule mwanga unaoanza pale jicho linapokoma,
ambamo vumbi haliwezi kuficha mengi
na nyota kongwe, nyekundu, zisizo na haraka,
hupata nafasi ya kusema.

Shida ni kwamba katika mwanga huo anga lenyewe linawaka.
Darubini ikaelekezwa kando, mahali patupu,
ikapiga utupu, ikarudi, ikaenda tena.
Nami tangu saa mbili nautoa ule utupu kwenye picha,
moja moja,
kama mama anavyopepeta dagaa walioanikwa chini:
mchanga unaenda na upepo,
na bado unabaki wa kusaga meno.

Mama ana chanja kumi na moja kule mwaloni.
Nilipokuwa darasa la tano nilizihesabu taa,
nikamkimbilia: Mitumbwi tisini na sita!
Hakuinua kichwa.
"Taa si mtumbwi, Holo. Taa zinaelea peke yake.
Mtumbwi uko pembeni, gizani,
ndiko waliko watu."

Saa sita na robo. Nachora duaradufu juu ya picha,
moja ndani ya nyingine.
Za ndani zinazifuata nyota changa, zimepinda, zimelewa.
Za nje zinatulia.
Na hapo, chini ya harusi,
kuna sahani pana, hafifu,
ikififia kwa kanuni ile ile hadi ukingoni:
wazee, waliokuwapo miaka bilioni kadhaa
kabla tarumbeta ya kwanza haijapulizwa.

Kitovu chao hakiko kwenye harusi.
Kiko pikseli saba kusini,
mahali ambapo picha ya buluu
haikuwa imenionyesha kitu.

Umeme umekatika. Kompyuta ina asilimia kumi na nne.
Nimeandika nyuma ya stakabadhi ya ushuru wa mwalo:
saba, kusini,
kisha nikaweka alama ya kuuliza,
maana Dakta Ishengoma atasema sikulitoa anga vizuri,
na huenda ni kweli,
nitarudia kesho toka picha ya kwanza.

Ziwani taa moja imesogea.
Ya pili ikafuata, na ya tatu, kwa mstari,
kama zinazoitwa na mtu.
Simu inalia. Mama:
mawingu yanatoka upande wa Ukerewe,
niteremke na lile turubai,
na nisisahau ndoo.