Kitabu Kisicho na Jalada

Ilikuwa mwezi wa pili, Gyumri, theluji imegoma kuondoka.
Nimetoka zamu ya usiku na harufu ya spiriti mikononi,
nimekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni,
cha pili nimekishika, sijui nilitaka kukivua au kukivaa.
Saa nzima ikapita hivyo.
Mama mkwe akachungulia: "Siranush, chai."
Nikamjibu "Ndiyo," na ile ndiyo
ikaanguka sakafuni kama kifungo.

Si huzuni. Huzuni naijua, ina machozi, ina jina.
Hili lilikuwa jambo la majivu:
jiko lipo, kuni zipo, kiberiti kipo,
mkono wa kuwasha ndio haupo.
Wodini nilikuwa nimewafumba macho watu kumi na wanne tangu Krismasi,
na wa kumi na nne, nilipofika getini,
sura yake sikuikumbuka.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Wa kumi na tano alikuwa Hrachya, fundi wa kujalidi vitabu,
mapafu yakimpiga mluzi kama birika.
Aliniachia kitabu cha sala, kidogo, kimechakaa,
hakina jalada, kinaanzia ukurasa wa kumi na saba.
"Fundi wa majalada," nikamtania, "na hiki umekiacha uchi?"
Akacheka mpaka mashine ikalia.
"Kilikuwa cha mama. Nilihofia nikikishona
nitakaza nyuzi, kisifunguke tena pale alipopazoea."
Alfajiri kitanda chake kilikuwa na shuka jipya.

Sikukisoma. Nilikitia mfukoni mwa koti
pamoja na funguo na risiti za duka la dawa,
kikakaa humo wiki tatu kikila makombo.
Nilikuwa nimeachana na Mungu bila ugomvi,
kama mtu anavyoacha kumwandikia rafiki:
leo nimechoka, kesho, kesho kutwa,
halafu aibu ya kimya inakuwa ndefu kuliko kimya chenyewe.

Usiku umeme ulipokatika nilijificha stoo ya mashuka.
Dakika kumi tu, nilijiambia.
Nikawasha kurunzi ya kupimia mboni za wanaokufa,
nikakifungua, kwa kuwa mkono ulitaka kushika kitu.
Sala zenyewe zilinipita kama magari ya watu wengine.
Lakini pembeni, kwa penseli, mwandiko wa mwanamke,
herufi zimelala upande kama zinasukumwa na upepo:
"Leo siwezi kuomba. Nimefungua tu, nimekaa."
Ukurasa wa pili: "Leo pia."
Kisha: "Mkate haukuumuka. Vahram hajarudi. Nimekaa."
Nimekaa. Nimekaa. Kurasa arobaini,
penseli ikipoteza makali,
hadi kwenye picha ya Bwana bustanini,
magoti chini, rafiki zake wamelala fofofo,
na yule mama amechora mshale, ameandika:
"Huyu pia alichoka. Nisogezee, nikae karibu."

Sikuona nuru. Aliyeiona na aiseme yeye.
Nilichosikia ni jenereta ikikohoa, taa zikirudi,
na koo langu likilegea, kama fundo la bandeji
ambalo kwa miezi nililivuta upande usio wake.
Nililia juu ya mashuka safi, kisha nikayakunja upya.
Samvel wa dobi hajui mpaka leo.

Nimeomba likizo. Daktari mkuu alikunja uso, akatia saini.
Asubuhi nafungua ukurasa wa kumi na saba.
Kurasa za mwanzo sitazijua, na iwe hivyo;
wengine tunaingia imani katikati ya sentensi.
Siku nyingine nasoma. Siku nyingine herufi ni sisimizi tu.
Jana nilichonga penseli, na chini ya mwandiko wake
nikaandika tarehe, na lile neno moja.
Na Mwingine, asiyehitaji penseli,
akakaa.