Ngoma ya Nyuma, Kushoto

Siku ya tatu Oryna anaigonga,
Saskachewani, theluji ya Machi mlangoni.
Mafuta kaimwagia, moto kaiwashia,
kutu inamtazama tu.
Ngoma ivumayo hupasuka;
hii haivumi, haipasuki.

"Liuze lori kama chuma chakavu," asema Danylo.
Hamjibu. Kajilaza chini ya ekseli,
bisibisi tunduni, anarudisha jino moja,
jino jingine,
ndipo anakumbuka:
breki ya mkono aliivuta baba
mwisho wa mavuno, akashuka na kofia yake,
hakurudi kuiachia.

Miaka kumi na tisa viatu vya breki vimetii.

Nyundo tena.
Ngoma yaachia, yamwangukia mapajani
na vumbi jekundu, na punje za ngano.
Danylo anyoosha mikono aipokee.
"Ngoja,"
naye kaipakata.